Dagaa Anawala Nani?

Mjukuu wangu Neema,

Huku Nsemulwa wazima, ila nimechoka. Usinicheke kwa kukuita mjukuu, mdogo wa bibi yako ni bibi, hata kama mimi nawe tunaazimana viatu.

Umeuliza kama usomee lishe, maana wenzako wanasema ni digrii ya kupika. Baraka wangu alipokuwa haongezeki uzito, dada wa lishe kliniki aliuliza anakula nini. Nikamwambia ugali na mchuzi wa dagaa.

“Na dagaa wenyewe anawala nani?”

“Baba yake.”

“Basi baba ndiye atakayewahi kutembea.”

Nilicheka mpaka machozi. Kuanzia hapo dagaa nikawatwanga, nikawatia kwenye uji wa mtoto. Leo nachoka kwa kumkimbiza.

Jaza lishe kwenye fomu ya chuo, mama. Wanaokucheka waulize swali lile.

Bibi yako,
Mama Baraka