Wimbo wa Wodi ya Wanaume

Mama mpenzi,

Shikamoo, mama yangu. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na watoto wa jirani bado wanakuogopa kama ulipokuwa ukifundisha. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Inamfuata mtu hata akijifunika gubigubi.

Uliniuliza kama wafadhili wanatutunza. Wanatutunza, Mama. Tunaishi nyumba moja, wanafunzi wa theolojia kutoka nchi mbalimbali, wote kwa ufadhili wa kanisa la huku, na jiko letu ni moja. Kila mtu anaombea chakula kwa lugha yake. Mmoja tumembandika jina la Sala Ndefu, maana akianza kuomba, chakula kinapoa. Ofisi ya ufadhili ina mama mpole anayetulea; majuzi alituletea makoti, akatupima mabega mmoja mmoja kama fundi cherehani. Kigiriki kilinitoa jasho, lakini sasa tumezoeana.

Muhula huu tulipelekwa hospitali kujifunza kuwahudumia wagonjwa kiroho. Nilijiona nimejiandaa, na maneno yangu mazito kichwani. Asubuhi moja muuguzi wa wodi ya wanaume akanijia mbio, akasema kuna dereva wa lori, mgeni, ini limeharibika, hali mbaya, amegoma kula na hakuna anayemwelewa. Nilipokaribia kitanda nikasikia mtu analalamika kwa Kiswahili kwamba uji wa hospitali hii ni gundi ya kubandikia mabango. Nikacheka hata kabla ya salamu. Aligeuka, machozi yakamlengalenga, akaniambia, "Dada, hata kama wewe ni mwizi, kaa hapa."

Nikakaa. Nilipofungua Biblia aliniomba niifunge kwanza. Alisema Mungu wanaongea naye kila siku barabarani. Asichopata tangu alazwe ni mtu wa kupiga naye soga. Basi tukapiga soga: breki, mvua, mashemeji wasioisha njaa. Nikawa nakwenda kila nikitoka darasani. Nilimtafsiria kwa daktari, nikamtafutia dada yake kwenye simu, wakalia wote wawili mpaka na mimi nikalia.

Siku yake ya mwisho, mchana, pumzi zikimpaa, aliomba nimwimbie. Nikaanza wimbo wa kanisani, akatikisa kichwa. Alitaka wa kubembelezea mtoto. Mama, nilimwimbia ule uliotunga mwenyewe ukimlaza mdogo wangu. Nakumbuka ubeti mmoja tu, nikaurudia na kuurudia, mpaka muuguzi akanishika bega. Dereva wangu alikuwa ameshakwenda, mkono wake ungali ndani ya wangu.

Sasa Mama, kama umesimama, tafuta kiti. Unajua nilipewa ufadhili huu nisome hadi udaktari wa theolojia, nirudi nifundishe chuo chetu cha wachungaji. Najua pia umeshaitangazia kwaya nzima. Nimeomba kubadilishiwa masomo. Nitamalizia uchungaji wa hospitali, nirudi mwakani, niwe mchungaji wa wodini. Kufundisha ningeweza, lakini pale kitandani ndipo nilipojua nimeitiwa nini.

Mama wa ufadhili alinisikiliza, akasema wao walitaka kanisa letu lipate mtumishi, na hawakutaja atumikie chumba gani. Askofu wetu hakuwa mwepesi hivyo. Aliguna kwenye simu, akasema mwalimu wa chuo itabidi amtafute kwingine, na kwamba hospitali ya huko kwetu haina nyumba ya kunipa. Nikamjibu kwamba nyumba ninayo, ya mama yangu. Akacheka, akakubali.

Kwa hiyo nimeshakaa kwenye chumba chako cha uani kabla sijakuomba. Kuku wako wanaolala humo watanisamehe, wewe sijui. Umekuwa wa mwisho kuambiwa kwa sababu wengine wote wangekataa ningebishana nao, lakini wewe ukisema hapana, sina pa kwenda.

Nisalimie kaka na shemeji, na mtoto wao mwambie shangazi hajasahau zawadi. Mdogo wangu mwambie aache kukutuma dukani na goti hilo.

Nibariki, Mama. Na kama ni kunigombeza, usiandike. Nipigie, nisikie sauti yako.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kifaranga