Ubao Nilioufuta Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi cha ufukweni. Jumapili tarehe 15, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jina: limo kwenye daftari la kituo. Anajulikana kama Mama Ubao.
Umri: miaka 57.
Kazi: kukodisha viti na miavuli ufukweni. Zamani mwalimu wa shule ya msingi.
Makazi: nyumba za nyuma ya soko la samaki, chumba cha pili kutoka bombani.

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afisa amenionya kwamba kusema uongo mbele ya polisi ni kosa. Nimemjibu kwamba kunyamaza nako ni kosa, ila hakuna fomu yake.

Ninatoa maelezo kuhusu baba wa watoto wawili aliyelala mahabusu ya kituo hiki kwa tuhuma ya kutaka kuwatorosha watoto wake. Najua kesho Jumatatu afisa wa ustawi wa jamii atakaa na wazazi hao wawili, waliotengana, kuamua kama baba ataendelea kupewa watoto siku za Jumamosi. Ndiyo maana nimekuja leo.

Mbele ya ufukwe wetu kuna fungu la mchanga. Maji yakipwa, njia hutokea, na watu huvuka kwa miguu na watoto wao kwenda kucheza huko. Mtu mzima huvuka kwa dakika nane, mwenye watoto kwa dakika kumi na mbili. Maji yakirudi njia hufungwa upesi, na asiyeijua bahari yetu hudhani ni maji ya kuoshea miguu. Kwa hiyo kila asubuhi mimi huandika kwenye ubao, juu ya ngazi za kushukia ufukweni, saa ya njia kufunguka na saa ya maji kurudi. Hakuna aliyeniajiri kufanya hivyo. Nilianza miaka tisa iliyopita, baada ya kuona familia moja ikirudi imelowa hadi shingoni huku watu wa halmashauri ya jiji wakibishana nani alipaswa kuweka kibao. Nasikia bado wanabishana.

Saa hizo nazitoa kwenye kitabu cha maji cha ofisi ya bandari. Kila siku ina mstari wake. Naweka rula ya mbao chini ya mstari wa siku hiyo, na kila asubuhi kabla ya kuandika naishusha mstari mmoja.

Mnamo Ijumaa tarehe 13, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, niliishusha rula mapema kwa ajili ya Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi watu huwa wengi na nilitaka kuokoa muda. Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa moja na nusu asubuhi, niliishusha tena, kwa mazoea. Sikutazama tarehe. Nikaandika ubaoni saa za Jumapili: njia saa tano na dakika ishirini, maji kurudi saa tisa na dakika ishirini. Saa za kweli za Jumamosi zilikuwa saa nne na nusu na saa nane na nusu.

Naomba ieleweke: kosa hilo ni langu peke yangu. Kitabu hakikukosea.

Baba huyo namjua kwa miezi kumi na minne. Ni fundi wa majokofu. Huja kila Jumamosi saa tatu asubuhi na watoto wawili, msichana wa miaka sita na mvulana wa miaka mitatu. Msichana nimempa jina la Mkaguzi, kwa sababu hukagua maandishi yangu na kuuliza nukta iko wapi. Mdogo namwita Kasa, kwa mwendo wake na kwa ndoo anayoibeba mgongoni. Baba yao mimi na wauzaji wenzangu humwita Baba Jumamosi. Analijua jina hilo na hulicheka, ingawa si sana.

Siku hiyo alifika kama kawaida. Alisema, "Shikamoo, Mama Ubao. Bahari inasemaje leo?"

Nikamjibu, "Marahaba. Bahari imeshasema, mimi nimeandika. Kazi yako kusoma."

Alisoma kwa sauti na kutazama saa yake ya mkononi. Kisha akaniachia simu yake kwenye kisanduku changu, kama afanyavyo kila wiki, isilowe. Alikodisha kiti namba kumi na nne, cha kijani. Mkaguzi aliniomba kipande cha chaki. Nilimpa. Kila Jumamosi nampa, naye hunakili ubao wangu popote anapopata nafasi.

Saa nne na nusu niliona mchanga wa njia umeshatoka. Muuza barafu aliniambia, "Mama, bahari yako leo imewahi kazini." Nilicheka. Ningepaswa kufungua kitabu wakati ule ule. Nilimwambia hata bahari ikiajiriwa hapa itajifunza kuchelewa.

Familia nane zilivuka. Baba huyo na watoto wake walivuka saa tano na nusu. Familia saba zilirudi kabla ya saa nane, kwa jua na kwa njaa, si kwa ajili ya ubao. Wao watatu walibaki. Nimeelezwa baadaye kwamba Kasa alikuwa amelala, na baba akaona amwache hadi saa tisa, kwa kuwa muda bado ulikuwepo.

Saa nane na dakika arobaini niliinua macho nikaona kigingi cha tatu kati ya vigingi vinavyoonyesha njia kimezama hadi nusu. Kigingi hicho kikizama nusu, njia haipo. Nilifungua kitabu. Rula ilikuwa chini ya tarehe 15.

Nilikimbia hadi majini nikapiga filimbi. Baba alisikia. Nilimwona akimbeba mdogo begani na kumshika mkubwa mkono, wakaanza kuja. Alifika maji yalipomfikia kiunoni, akasimama. Wengi hapo husonga mbele, na ndipo mkondo huwachukua. Yeye alirudi nyuma. Aliwapeleka watoto kwenye mnara wa taa wa kuongozea vyombo, ulioko kwenye fungu, akawapandisha kwenye jukwaa lake, akapanda na yeye, akapunga taulo la njano. Nimeshauriwa niseme tu nilichokiona. Nilimwona mtu aliyetumia akili.

Boti ya uokoaji katika ufukwe huu ni moja, na imelala juu ya magogo bila injini tangu mwaka jana. Naomba hilo nalo liandikwe. Afisa amesema halihusiani na shauri hili. Nimesema nitangoja hadi aliandike.

Boti ya karibu ilikuwa ya nahodha anayepeleka wageni kutazama matumbawe. Alirudi saa kumi kamili. Nilipomweleza alisema, "Mwalimu mzima umeshindwa kusoma kitabu chako mwenyewe?"

Nikamwambia, "Kalete watoto kwanza. Matusi tutayapangia siku."

Aliondoka saa kumi na dakika tatu.

Sasa nafikia mambo mawili yaliyonileta.

La kwanza. Baba alitakiwa kuwarudisha watoto kwa mama yao saa kumi jioni. Saa kumi na dakika tano simu yake ililia ndani ya kisanduku changu. Kiooni paliandikwa "Mama Watoto". Sikuipokea. Ililia tena. Ililia mara kumi na saba hadi saa kumi na nusu, nilihesabu. Najua kupokea simu. Sikujua nimwambie nini mwanamke ambaye watoto wake walikuwa wamezungukwa na maji kwa sababu ya mkono wangu. Ningepokea mara moja tu, asingekuja kituoni kushtaki. Yeye simlaumu. Baba aliwahi kumwambia kwa hasira, mwezi uliopita, kwamba atahamia mji mwingine na watoto. Baba mwenyewe alinisimulia, akajuta. Mama aliyesikia maneno hayo, kisha akapiga simu mara kumi na saba bila jibu, ningekuwa yeye ningekuja hapa nikikimbia.

La pili. Baada ya simu ya mwisho nilichukua kitambaa nikaufuta ubao. Niliandika saa za kweli. Hakuna aliyenituma.

Boti iliwashusha saa kumi na dakika arobaini. Watoto walikuwa wazima, midomo tu imepauka kwa chumvi. Niliwafunga mataulo yangu. Kasa alikuwa bado na ndoo yake. Mkaguzi alisema, "Mama Ubao, tulikaa kwenye ghorofa ya baharini." Halafu alitazama juu ya ngazi akasema, "Umefuta."

Nikasema, "Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilimkaza taulo mabegani.

Baba alichukua simu yake, akaitazama, akakaa chini kwenye ngazi. Alipiga, haikupokelewa. Saa kumi na moja na dakika ishirini walifika askari wawili pamoja na mjomba wa watoto, kaka wa mama yao. Mjomba alisema, "Tulijua tu. Na begi la safari liko wapi?" Baba alieleza kwamba alifuata ubao, na ubao ulisema saa tisa na dakika ishirini. Askari mrefu alipanda ngazi, akasoma, akashuka.

"Bwana, mbona ubao unasema saa nane na nusu? Wewe ulisoma upi?"

Baba alinitazama. Mimi nilikuwa nakunja mwavuli. Mwavuli ule ulikuwa umeshakunjwa.

Kisha akasema, "Basi labda nilisoma vibaya."

Walimpeleka kwenye gari. Mjomba aliwachukua watoto. Kasa aliuliza mara mbili kama kesho ni Jumamosi.

Sitasema niliamua jana kuja hapa. Niliamua leo saa moja na nusu asubuhi, nilipokuwa nikipanga viti. Viti hulala vimepachikwa kimoja ndani ya kingine chini ya turubai, kwa hiyo umande hauvifikii. Nilipokichomoa kiti namba kumi na nne niliona maandishi ya chaki kwenye mgongo wake. Mkaguzi alikuwa amenakili ubao wangu wa jana. Nilikuwa nimeufuta ubao mbele ya bahari nzima, na nakala yake ilikuwa imelala chini ya turubai langu.

Msimamizi wa ufukwe alinikuta nimekiinua. Nilimweleza. Alisema nikija hapa huenda halmashauri ya jiji ikaniondoa na viti vyangu. Aliongeza, "Mama yangu, yaliyopita si ndwele."

Nikamwambia, "Ndwele ipo. Imelala mahabusu, kwenye sakafu ya saruji."

Nimekibeba kiti kichwani hadi hapa. Njiani wawili watatu wameniuliza kama nimehama. Nimewaambia bado.

Wakati wa kuandika, afisa aliweka "mtuhumiwa alidai kwamba ubao ulisema saa tisa na dakika ishirini". Nimeomba neno "alidai" litoke. Hakudai. Mimi ndiye niliyeuandika.

Nimeyaeleza niliyoyaona na niliyoyafanya. Yote ni kweli, na yale nisiyoyapenda ndiyo ya kweli zaidi. Yasomwe kesho mbele ya afisa wa ustawi, mama wa watoto akiwepo. Nitakuwepo na mimi, nikiruhusiwa au nikiwa nje ya mlango.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika haya kama yalivyosemwa. Shahidi ameyasoma mwenyewe, amesahihisha makosa matatu ya uandishi wangu, akatia sahihi mbele yangu saa nne na dakika tano asubuhi.

Kielelezo kilichopokelewa: kiti kimoja cha plastiki, kijani, namba 14. Mgongoni kuna maandishi ya chaki nyeupe, mkono wa mtoto: NJIA 5:20. MAJI 9:20. Tarakimu tisa imegeuzwa. Shahidi ameomba kisifutwe. Kimewekwa juu ya kabati la majalada na mfagiaji ameelezwa.

Mama wa watoto amepigiwa simu na kusomewa maelezo haya. Amesema anakuja na watoto.

Baba wa watoto ametolewa mahabusu saa nne na robo na kuonyeshwa kielelezo. Alikitazama. Alimwamkia shahidi, aliyekuwa bado ameketi kwenye benchi, kisha akamuuliza bahari inasemaje leo. Shahidi akajibu:

"Njia saa tano na dakika ishirini, maji saa tisa na dakika ishirini. Leo ni kweli."