Kimya cha Cephas

Uriri,
14 Septemba 1996

Kwako ndugu yangu Maxwell,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini ile homa imekuachia huko Mombasa. Sisi tunapumua tu. Mama ni mzima wa mwili, na nakuomba uyashike maneno hayo.

Nilikuahidi habari za mazishi ya kaka yetu Cephas. Watu walitoka Suna hadi Homa Bay, maana ni matanga ya nani ambayo yeye hakushika maikrofoni kuyaongoza? Unakumbuka alivyotufundisha: mtazame mtu machoni, usipayuke, na kabla ya neno zito nyamaza kwanza, waache wakusogelee.

Basi alikuwa amejirekodi kwenye kaseti, akaagiza tuicheze siku hiyo. Sauti yake ilipotoka kwenye spika, na jeneza liko mbele yetu, wanawake walipiga yowe. Aliwasalimu jodalawa, watu wa nyumbani wote, akatania kwamba leo hakuna wa kumnyang'anya maikrofoni. Kisha akasema atautaja ugonjwa uliomuua. Akanyamaza.

Watu walisogea, wakidhani ni ule ufundi wake. Tukasikia pumzi, kikohozi, tena pumzi, mpaka kaseti ikaisha.

Baba mdogo Joash akasimama upesi. Alisema ni chira, laana ya kuvunja miiko, na kwamba wewe utaitwa uje umrithi Priscah, mjane wake, boma lisife. Watu waliitikia. Priscah alitazama chini.

Sasa nikuambie ambalo Joash hatakuandikia. Niliishika maikrofoni mimi, nikaimalizia sentensi ya kaka. Nilisema ni ukimwi. Alikuwa ameniambia mimi na mkewe tu. Tangu hapo Priscah hasemi nami, maana sasa kila mtu anajua lililo mwilini mwake.

Kinachonitesa zaidi ni kwamba sijui kama Cephas alinyamaza ili mtu amalizie, au alibadili nia, hakutaka lisemwe kamwe. Mhubiri akitua kidogo kanisani nazisikia zile pumzi. Naogopa, Maxwell.

Joash hajakata tamaa. Atakutumia telegramu kwamba Mama yu mahututi. Usipande basi. Mama yuko hapa kando yangu anamenya njugu, na ndiye aliyesema nikuandikie, kwamba mtoto mmoja kaburini anamtosha.

Wasalimie majirani zako wote.

Ni mimi dada yako, ninayetamani sana kukuona, lakini usije,
Risper