Mguu Utachagua Nyumba

Jumanne, 22 Aprili 2025

Pasaka imeisha, mguu umeanza. Jana asubuhi Baba Peter alishindwa kukanyaga chini. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, chekundu, cha moto. Shuka likikigusa tu anauma meno. Mwanaume aliyekuwa anaswaga ng'ombe kwa miguu mpaka mnadani, leo anashindwa na shuka.

Hospitali wamesema ni gauti. Wazee wanaita jongo. Mimi nilikuwa dirishani nachukua vidonge, daktari akaongea naye peke yake. Alipotoka nikamuuliza kaambiwa nini. Nyama basi, bia basi, maji kwa wingi. Kapewa na karatasi ya vyakula, akaikunja vizuri akaitia kwenye mkoba wake wa ngozi. Kusoma hajui, ila karatasi yenye mhuri haitupi hata iweje. Nitaisoma baadaye.

Nyama basi — sawa. Mimi ni binti wa Muha. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge huku, akafa huku, na siku zote alikuwa na dagaa wa kwao ndani. Kibanda changu sokoni ni dagaa mtupu. Mume wangu atashiba bila nyama.

Alhamisi, 24 Aprili

Uvimbe umepungua. Barafu nachukua kwa Faudhia, jirani yangu sokoni, anauza ndimu, tangawizi na habari za watu. Asubuhi chai ya tangawizi bila sukari. Mchana maji ya ukwaju. Mguu juu ya mto. Bia nimemkatalia, nampa soda baridi apoze roho.

Leo kasema jambo. Amechoka kuwa mtu wa njiani. Biashara ya ng'ombe kamwachia Keriako, kijana wake mkubwa wa kule Kwaluguru, Handeni. Mvua zikikatika anataka kukaa nyumba moja. Nikamuuliza ipi. Akautazama mguu wake, akasema huu ndio utamwambia. Utakapotulia, hapo ndipo atakapokaa.

Miaka kumi na minne mimi ni mke mdogo. Wiki mbili yuko kwangu hapa Old Korogwe, wiki mbili yuko Kwaluguru kwa Nkasiogi, mke mkubwa. Hapa ni Baba Peter, kule ni Baba Keriako. Kwa ajili yake nimekaa bila komunyo miaka yote hiyo, kwaya naimba, mezani siendi. Leo naambiwa nishindane na mwenzangu kwenye kidole cha mguu.

Nitashinda.

Jumapili, 27 Aprili

Kaenda Kwaluguru, zamu yake. Gari limeshaondoka ndio nakumbuka ile karatasi. Imeenda naye.

Naandika nyuma ya daftari la kwaya. Nikimwambia mtu nina wivu kwa umri huu wa miaka arobaini na sita, atanicheka mpaka kwenye msiba wangu.

Jumapili, 11 Mei

Karudi. Anatembea! Kashuka kwenye bodaboda na katambuga zake miguuni, fimbo kaibeba begani.

Nilifurahi kama dakika mbili. Halafu nikaona mguu umefungwa kitambaa chekundu, na fundo la kitambaa si la kwangu. Fundo la mtu aliyekaa chini, akauweka mguu pajani, akafunga bila haraka. Nimelifungua kwa meno. Ndani kidole kimetulia, kimekunjamana kama cha mtu wa kawaida.

Nikamuuliza kule anakula nini. Najua Wamasai na supu yao ya mifupa na magome. Nikasema umepewa supu wewe. Akashangaa, supu gani, nani achinje ng'ombe kwa sababu ya kidole? Anakula ugali na mboga ya mchunga. Anakunywa maziwa mgando, asubuhi na jioni, kibuyu kizima. Alfajiri Nkasiogi anamtembeza mpaka kwa ndama na kumrudisha. "Ananitembeza," kasema, huku anacheka peke yake. Nilimwangalia. Anacheka nini?

Nikauliza karatasi. Imebandikwa ukutani kule, Keriako anamsomea mama yake. Nimesema wakae nayo. Mimi sihitaji kusomewa namna ya kumpikia mume wangu.

Ananukia moshi wa kile kibuyu. Nimefua shuka zake zote mbili na bado harufu ipo.

Jumatatu, 12 Mei

Dagaa wa nazi mchana. Dagaa wa kukaanga na ndimu jioni. Kala vizuri. Kasema hakuna anayenifikia kwa dagaa. Nimeringa siku nzima sokoni.

Hapa hatembezwi. Hapa ana kochi, ana televisheni, ana soda mkononi. Mgonjwa anapumzishwa, hapelekwi kwa ndama.

Alhamisi, 15 Mei

Uvimbe umerudi. Siku nne tu kwangu, na kidole kimefura kuliko cha Pasaka. Kimeng'aa mpaka ngozi inataka kupasuka. Barafu, tangawizi, ukwaju, vyote nimefanya. Nyama hajaigusa hata kwa harufu. Bia hajaonja.

Kwa nini kwangu? Nimekaa jikoni nikalia kidogo, kwa hasira si kwa huruma. Kule anatembea anacheka. Kwangu analala anaguna.

Nimemweleza Faudhia. Kawaza, akasema Mama Peter, ugonjwa hauingii leo ukaonekana leo. Unapikwa kule, unapakuliwa kwako. Akaniuliza kule anakunywa nini. Nikasema maziwa. Akauliza kibuyu wanakisafisha na nini. Nikasema si wanaingiza kijinga cha moto ndani, wanasugua, mkaa unabaki na maziwa yanatoka na rangi ya majivu. Akanitazama tu.

Ni maziwa. Nimejua sasa. Wiki mbili anajazwa mkaa na moshi, halafu analetewa mimi nimuuguze.

Ijumaa, 16 Mei

Nkasiogi kapiga simu mara tatu. Sikupokea. Tangu niolewe hajawahi kunipigia mara tatu kwa siku moja. Atakuwa anataka kusikia mguu umefura, afurahi.

Jioni ukaingia ujumbe wa Keriako: Shikamoo mama mdogo. Mama anaomba umpigie, ni habari ya chakula cha baba.

Habari ya chakula! Mwanamke asiyejua kuunga hata mchicha anataka kunifundisha chakula. Nimeufuta. Baada ya kuufuta nikauogopa kidogo, sijui kwa nini.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia. Nilimkanda mguu kwanza kwa kitambaa cha barafu, nikasubiri maumivu yapungue, ndipo nikaanza taratibu. Nikasema Baba Peter, hesabu mwenyewe. Ukitoka hapa kwenda kule unatoka umepona, kwa sababu nimekutibu mimi. Ukitoka kule kuja hapa, baada ya siku chache unavimba. Kule unakunywa nini ambacho hapa hunywi? Akafikiri. Akasema maziwa. Sikumwongezea neno, nikaendelea kukanda.

Mtu wa kwao kuambiwa maziwa ni sumu ni sawa na kuambiwa mama yake ni mchawi. Kasema kayanywa tangu hajaota meno. Nikasema na gauti umeipata lini? Uzeeni. Mwili umeyachoka maziwa.

Niliona kwenye uso wake kuwa imeingia. Naandika ukweli humu kwa kuwa hakuna wa kusoma: sikuwa na uhakika. Nusu yangu ilikuwa inaamini, nusu ilikuwa inataka tu aliache lile fundo jekundu.

Ijumaa, 23 Mei

Kasema atakaa hapa!

Kampigia Keriako mwenyewe, mbele yangu, kwa Kimasai. Nimesikia neno maziwa na neno Korogwe. Upande wa pili ikasikika sauti ya mwanamke, fupi. Nikamuuliza kasema nini. Kasema, sawa. Sawa tu? Sawa tu. Ningefurahi zaidi angegomba.

Nimefungua lile gunia la dagaa weupe, wale ninaoweka kwa wateja wakubwa. Nimewaunga kwa karanga. Soda mbili. Fundo jekundu nimelichomea jikoni. Miaka kumi na minne, na leo ndio kwanza nimepika bila kuhesabu siku zilizobaki.

Jumapili, 25 Mei

Goti nalo. Usiku kucha hakulala. Misa sikwenda. Vidonge vimekwisha na hospitali hataki, anasema akikanyaga atazimia. Kesho nitamleta mtu wa bajaji ambebe.

Kaniuliza, maziwa si nimeacha? Nikasema bado yanatoka mwilini. Akageukia ukutani.

Jumanne, 27 Mei

Bajaji imekuja mara mbili, mara mbili kakataa kubebwa mbele za watu. Hataki hata nimguse. Anakula tu, kwa sababu kula ndiko kunakobaki. Nampikia anachokipenda.

Simu tena kutoka kule. Moja. Sikupokea.

Jumatano, 28 Mei

Kaja mwenyewe.

Nilikuwa uani, sufuria ya dagaa iko motoni, nasikia bodaboda. Kashuka Nkasiogi, shanga shingoni, kibuyu begani, miguu imejaa vumbi la Handeni. Katoka alfajiri. Miaka kumi na minne hajakanyaga kwangu wala mimi kwake, tumekutana misibani tu. Nilipanga siku nyingi nitakavyompokea, na maneno nilikuwa nayo tayari. Mdomo ukasema, "Shikamoo dada." Akaitikia marahaba, mdogo wangu, kama watu wanaosalimiana kila siku.

Hakuuliza mume yuko wapi. Aligeuza uso kwenye sufuria, akavuta harufu, akafumba macho kidogo. Nikajua kuna kitu. Akakaa kwenye kigoda, akatoa karatasi kwenye nguo zake. Ile ya hospitali. Kwenye pembe bado ina alama ya ugali walioibandikia ukutani.

"Mimi sikusoma," kasema. "Keriako alinisomea. Nikakupigia. Hukushika simu. Basi nimeileta."

Nimeisoma nimesimama. Aache: nyama nyekundu. Maini, figo, supu. Bia na pombe zote. Soda. Na hapo chini, ambapo kuna alama ya kalamu ya mtu aliyetaka ionekane: dagaa na samaki wadogo wa aina hiyo. Halafu upande wa pili. Atumie: maji mengi, mboga, matembezi, kupunguza uzito. Maziwa.

Nikaisoma tena, labda inasema kingine. Dagaa. Vitu vyote vya upande wa kwanza nimemlisha kwa mkono wangu isipokuwa nyama na bia. Na kile cha upande wa pili ndicho nilichomwambia aache.

Nikamuuliza, umemwambia? Nilitaka aseme ndiyo, tugombane, niishike hasira yangu. Kasema hapana. Alipoambiwa kwenye simu kuwa maziwa yake ndiyo yanayomuumiza, alitaka kumwambia habari ya dagaa hapo hapo. Akaacha. "Wewe ndiye unayempikia hapa. Mtu asiambiwe chakula cha nyumba yake na mtu wa nyumba nyingine, mbele ya mume. Mwambie wewe."

Nilimchukia kwa hilo kuliko siku zote. Karatasi alikuwa nayo, mguu ulitulia kwake, sababu anayo, na bado kaniachia mimi mlango wa kutokea. Hata kwa hili kanishinda.

Sasa niko ndani, jikoni, daftari liko juu ya karatasi. Nkasiogi yupo uani pale pale kwenye kigoda, kibuyu kati ya miguu yake. Dagaa wameiva, nimewaepua, nimewafunika. Nimemwambia asubiri kidogo naandika kitu, akasema andika. Hakuuliza ninaandika nini.

Nikimpelekea Baba Peter sahani hii, atabaki kwangu. Alishasema. Atabaki na mguu huu, na goti hili, na mimi nitamkanda mpaka mmoja wetu afe. Nikimpelekea kile kibuyu na karatasi, mguu utatulia. Naye alishasema utakapotulia ndipo atakapokaa. Labda ungetulia hapa pia. Labda. Maziwa ya ng'ombe hata Korogwe yapo. Lakini nitalazimika kumwambia kwanza kuwa niliyemfanya hivi ni mimi, na sijui mtu akishasikia hivyo anataka kukaa nyumba gani.

Baba Peter kaniita. Kasikia harufu, kauliza chakula kimefikia wapi. Nimesema kinakuja.

Nimeinuka nimekaa tena. Huku mkono una sahani, huku una kalamu.

Kaita mara ya pili. Lazima kaisikia sauti ya mwenzangu uani, maana safari hii hakuita Mama Peter. Kaita Mama Keriako, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba hii.

Nimechungulia. Nkasiogi hakuinuka. Kakaa vile vile kwenye kigoda, anaangalia mlango wa jikoni, ananingoja mimi.