Picha ya Baba kwa Siku ya Mia

Hue, Jumanne mchana

Kwa Kaka yangu mpendwa Vinh,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Wifi Hanka na watoto, na baridi ya huko Brno iwe imeanza kuwaonea huruma. Sisi huku hatujambo, kwa hatujambo ya watu waliofiwa. Mama anakula, ingawa anakula kama mtu anayewaridhisha wengine, na miguu inamvimba jioni. Anakusalimu sana, na anasema Minh avalishwe soksi mbilimbili hata kama atalia.

Barua hii anakuletea mpwa wa Bi Oanh, anayesafiri Alhamisi. Ningepiga simu, lakini kila nikishika simu Mama yuko begani kwangu, na ninalotaka kusema linahusu picha ya Baba, ile niliyokutumia uiweke kwenye meza yako ya ubani. Lazima uisome barua hii kabla ya Jumapili, siku ya mia tangu Baba atutoke, kabla hujawaalika wenzako na kuwasha kijiti cha ubani hata kimoja. Baba Mdogo Lam anaumwa, Kaka, na naogopa kwamba aliyemtia ugonjwa ni mimi. Nivumilie nianzie mwanzo, maana nikirukia mwisho utadhani nimerukwa na akili.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi nafunga duka la dawa kila Jumapili na kutoka na kundi letu la picha. Tuko kumi na mmoja, hakuna hata mmoja anayekula kwa kamera. Anayetufundisha ni Mwalimu Phuoc, mpima ardhi mstaafu, mtu anayetembea na dira hata akienda kununua chumvi. Bi Oanh anauza supu ya tambi hadi saa tatu asubuhi, kisha anakuja bado ananukia mchaichai na kutuchekesha njia nzima. Kila Jumapili tunachagua mahali pamoja, tunapiga sura za watu nje, kwenye mwanga wa jua. Mwalimu ana wimbo mmoja tu: macho kwanza. Pua ikipotea haidhuru, husema, ila ukipoteza macho, nenda kapige picha za vikapu.

Mwezi wa kumi na mbili niliomba kundi lije nyumbani. Nia yangu ilikuwa Baba. Ile gharika ilikunywa albamu zetu zote, na picha ya kitambulisho chake ni ndogo kuliko ukucha, ya enzi za nywele nyeusi. Nilikuwa nimembembeleza miaka mitatu. Siku ile akakubali, lakini akasema yeye si lango la kasri la mfalme hata watu kumi wampige kwa pamoja. Atakaa apigwe picha na binti yake tu, na wengine wakapambane na Mama kisimani. Akavaa kanzu yake ya buluu ya sikukuu, akakaa kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, mgongo kwa ua wa mianzi. Ilikuwa saa kumi jioni. Mwalimu Phuoc alinishikia kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga, akaninong'oneza nibane tundu la lenzi ili uso usipotee, mzee anachezacheza. Nikamjibu najua ninachofanya. Bi Oanh akapaza sauti kutoka kisimani kwamba leo Khue amekuwa profesa, tumpishe. Baada ya dakika kumi Baba akasema basi, shingo inauma, akaenda kuvuta sigara yake.

Siku kumi na mbili baadaye alianguka karakanani, randa mkononi. Hayo unayajua. Unajua pia kwamba ulikwama uwanja wa ndege siku mbili, ukafika tumeshazika. Nimekuandikia nikijua hilo ndilo linalokuuma zaidi, kwamba uso wake hukuuona, ukaikuta picha tu, ukapiga magoti mbele yake ukalia hadi Mama akaja kukuinua. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka kusema pale pale, nikarudi jikoni.

Kuna mtu mmoja aliyeng'amua. Siku ya maziko Mwalimu Phuoc alichoma ubani, akainama mara zake, kisha akabaki ameitazama ile picha muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Alipotoka akaniambia taratibu, karibu na masufuria, kwamba picha ni nzuri, kali, macho yote mawili yapo. Ila mwanga wake unatoka mashariki, akasema, na sisi tulipiga jioni. Hakungoja jibu. Tangu siku ile, kwenye safari zetu za Jumapili hajaniita tena mbele ya wenzangu kueleza picha yangu, na mimi nimeacha kumtazama usoni.

Na sasa Baba Mdogo. Mwanzoni alikuwa akija kila tarehe ya kwanza na ya kumi na tano, tukiweka wali na kuku mezani, na akinikuta peke yangu ananong'ona kwa kicheko kwamba hajaona mtu mwenye bahati kama yeye, anayelishwa kuku akiwa hai. Mimi nilicheka naye mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka. Wiki tatu zilizopita alipata kizunguzungu akaanguka bandani kwake, na upande mmoja wa mdomo umelegea. Mama Mdogo Sen amemsihi aende hospitali, wanawe wamekodi gari mara mbili, anakataa kushuka kitandani. Kwao hasemi sababu. Mimi ameniambia: hawezi kwenda kudai uhai ambao familia nzima imeshauombea mapumziko mema.

Nadhani umeshaelewa, Kaka, lakini niache niliseme kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu aliye kwenye meza ya ubani, ya kwetu na ya kwako, si Baba. Ni Baba Mdogo Lam.

Siku Baba alipofariki walinipa hadi kesho yake nilete picha ya kutangulia jeneza. Nilienda kwa mchapaji kifua mbele, maana kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana sawa. Ikachapwa kwa ukubwa unaotakiwa, na uso wa Baba ukawa ukungu. Picha zote kumi na sita. Nilikuwa nimefungua lenzi hadi mwisho ili mianzi ya nyuma iyeyuke, kama picha zinazosifiwa na kundi, na yeye kila mara aliinua mkono kushika ukosi wa kanzu, kamera ikaudaka mkono. Mkono uko wazi kabisa. Macho hayapo. Kwa ajili ya uzuri wa majani nilimpoteza baba yangu.

Nilikaa chini pale pale barazani kwa mchapaji. Baba Mdogo ndiye aliyetumwa kunifuata, akaziona moja moja. Halafu akasema shemeji yake hatalilia doa. Unajua yeye na Baba walivyofanana, hata Mama aliwahi kumgombeza asiyehusika. Akavaa kanzu ile ile ya buluu, akakaa kwenye kiti kile kile, saa mbili asubuhi, siku ya pili ya msiba, huku ndani wanapiga ngoma za matanga. Nikabana tundu la lenzi kama nilivyofundishwa. Nikalenga macho. Yalikuwa yamejaa machozi ya kumlilia kaka yake, na ndiyo maana kila mtu alisema Baba ametoka mtu hasa. Mimi nilimpiga picha mtu aliye hai nikamweka kwa wafu, na nikawaacha wazee wote wa ukoo wamwinamie, naye mwenyewe akiinama pamoja nao.

Nilipomwambia wiki iliyopita kwamba nitasema, alinishika kiganja akanikataza. Mama yako huongea na picha ile kila asubuhi, akasema, ukiitoa utamfisha mumewe mara ya pili. Ni kweli anaongea nayo. Lakini juzi nilimsikia akiilalamikia kwamba siku hizi, Mzee, unanitazama kama mgeni. Siwezi kuchagua kati ya Mama na Baba Mdogo, na siku ya mia tutamwita Baba kwa jina lake aje ale mbele ya uso wa mtu mwingine. Basi nimeamua. Jumapili alfajiri, kabla wageni hawajafika, nitamwambia Mama, nitaitoa picha mbele yake, na nitakwenda nayo kwa Baba Mdogo niiweke mikononi mwake, gari likiwa mlangoni. Akitaka kunipiga nayo anipige akiwa ndani ya gari.

Ndani ya bahasha hii kuna picha ya Baba, moja kati ya zile kumi na sita. Usitafute uso, utaumia bure. Tazama mkono. Kidole kile kilichokatwa na msumeno mwaka uliozaliwa wewe kipo, na gundi kwenye kucha ipo, hakuoga vizuri hata kwa picha. Huo ni mkono uliokufundisha kuandika jina lako. Hiyo ndiyo uiweke mezani, hata wenzako wakishangaa.

Ile nyingine iondoe leo hii, usingoje Jumapili, lakini usiichome na usiifungie sandukuni. Mpe Wifi salamu zangu, wabusu watoto, na ukiona sistahili tena kuitwa dada, niandikie hivyo hivyo, nitapokea. Ila kwanza itundike sebuleni pamoja na picha za watoto. Minh akiuliza huyu ni nani, mwambie ni babu yake mdogo, anaishi Hue, yu hai.

Ni mimi mdogo wako,
Khue