Karatasi Iliyosomwa Kanisani

Bisil, 9 Februari 2025

Soipan wangu,

Takwenya. Mama yako anaendeleaje? Kidonda cha shingo kimepona? Mimi siko sawa. Mifupa inauma, mtungi wa maji unanishinda. Daktari amepima kalsiamu, akasema ni ya kawaida, niende nyumbani. Mama yako, dada yangu, naye aliambiwa hivyo kabla hamjapata kipimo kingine. Kinaitwaje? Anasema karatasi zake unaweka wewe, na simu zangu hushiki.

Anti yako, Dinah

Kitengela, 27 Aprili 2025

Anti Dinah,

Iko, naitikia takwenya yako. Mama amepona, anabeba maji mwenyewe. Pole kwa mifupa.

Kwa simu mdomo wangu hukauka, ndiyo maana naandika. Barua yako nimekaa nayo wiki kumi na moja. Sikusahau.

Kwa harusi ya binti yako Naisula, Mama alishindwa kuteka maji. Ulitoa karatasi ya daktari kwa mkoba wake ukawasomea kina mama wa kanisa: "Kalsiamu kawaida! Ugonjwa wa dada yangu ni uvivu." Walicheka. Mimi nilikuwa nagawa chai, nikaendelea kumimina.

Jumapili simama kanisani, mbele ya kina mama wale wale, usome karatasi yako. Halafu nitakutajia kipimo.

Mtoto wa dada yako, Soipan

Bisil, 5 Mei 2025

Soipan,

Habari ya huko? Nilisoma jana. Mama Koinet akauliza, "Kumbe uvivu unaambukiza?" Walicheka hadi nikakaa chini. Sasa taja.

Anti

Kitengela, 7 Mei 2025

Anti,

Natumaini umelala vizuri. Ni homoni ya tezi ndogo za shingoni, waambie PTH. Wapime pia kalsiamu huru, ile haijashikwa na protini. Ya Mama kwa jumla ilikuwa kawaida, lakini ile huru ilikuwa juu. Ndipo wakamtoa tezi moja.

Soipan

Bisil, 20 Juni 2025

Mwanangu,

Mko wazima? Homoni yangu iko juu kama ya dada, lakini kalsiamu zote mbili ni za kawaida. Daktari anasema huenda ni ugonjwa ule ule kwa sura nyingine, au ni vitamini D imepungua. Hakuna kisu. Nimeze dawa ya vitamini, nipimwe tena Disemba. Nitangoja vipi na maumivu haya?

Anti yako

Kitengela, 22 Juni 2025

Anti,

Pole. Mama alingoja miaka minne, huku ukimcheka. Wewe ni miezi sita.

Alhamisi anakuja kukutekea maji. Nimemkataza, hasikii. Basi nimemwomba kitu kimoja: mtungi ukiwa mgongoni, apite njia ya kanisani, kina mama wakiwa wamekutana, wamwone mvivu akikubebea maji.

Mtoto wa Naeku, dada yako