Teke la Kimutai

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Shtaka la Kimutai halitapunguzwa. Linabaki shambulio la daraja la kwanza. Kanipigia wakili wake, Zalika, asubuhi hii. Mmarekani mweusi, alijifunza Kiswahili chuo kikuu. Anazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Ndugu Ferdinand, upande wa mashtaka unashikilia kwamba mteja wangu ni bingwa wa karate aliyeigiza katika sinema za Kimarekani. Mtu wa aina hiyo, wanadai, akirusha teke hujua litakachovunja."

Nani kawaambia? Watu wake mwenyewe!

Niliyothibitisha: Jumapili ya Pasaka, nje ya kanisa lao la Wakenya, Laurel, hapa Marekani. Dereva wa gari la kuvuta magari anafunga minyororo kwenye gari la Kimutai, limeegeshwa pasiporuhusiwa. Kimutai anatoka mbio. Makelele. Dereva yuko chini, kifundo cha mkono kimevunjika. Polisi wanafika. Bilha, kiongozi wa kwaya, anajitolea kutetea: "Afisa, huyu ni sensei, mwalimu wa karate. Wa muvi! Angetaka kumuumiza kweli, saa hii huyo dereva angekuwa mochari." Afisa akaandika kila neno.

Kimutai anahudumia wazee, Gaithersburg. Akitiwa hatiani kazi hiyo imekwisha, jela inamsubiri, na akitoka huko anaweza kurudishwa Kenya. Mke nesi, watoto wawili, nyumba Germantown.

Mhariri wa gazeti letu anataka ukurasa mzima: "Nyota wetu wa Hollywood aonewa." Nimemwambia ngoja kwanza niione hiyo nyota.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimeiona. Saa moja na nusu ya uhai wangu, hairudi. Kimutai alinikabidhi kaseti kwa mikono miwili, kama anayekupa kichanga umpakate.

Jina la sinema halistahili wino. Imepigwa Kenya, 1988, kwa pesa kidogo za Wamarekani, na inadai tuko Amerika ya Kusini. Migunga kila upande. Katikati ya mapinduzi, pundamilia wawili wanapita nyuma ya jenerali, bila haraka. Hakuna aliyejisumbua kukata kipande hicho.

Shujaa: nywele za njano, masharubu, shati limechanika kabla hajapigwa. Kwenye jalada wanamwita bingwa wa zamani wa mashindano fulani. Nimeyatafuta. Hayapo. Ana mwalimu mzee wa Kijapani, anayeuawa mapema ili shujaa apate sababu ya kukunja uso. Ndiyo uigizaji wake wote — kukunja uso. Kisha maninja. Wamevaa nyeusi, saa sita mchana, kwenye nyasi kavu! Wana bunduki mgongoni, hawazigusi. Wanamjia mmojammoja, wengine wanasubiri zamu kama wako benki. Kuna teke moja linaonyeshwa mara tatu kutoka pembe tatu, nadhani kwa sababu ndilo pekee lililokwenda sawa.

Walizitengeneza kwa mamia enzi zile. Bango kwanza, pesa ya wauza kaseti, hadithi baadaye kama muda upo. Na sisi tukalipa kiingilio — Eldoret, Mwanza, Bukavu — watu wazima wakatoka kwenye mabanda ya video wakirushiana mateke barabarani.

Kimutai yumo. Anakufa mara tatu. Mara ya kwanza na kofia ya askari. Mara ya pili bila kofia. Mara ya tatu ni ninja, uso umefunikwa, lakini matege yake nayajua. Hapigi ngumi hata moja. Anaanguka vizuri, hilo nalikubali.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimempigia. Nikasema, Kimutai, humu unakufa tu.

Akasema: "Mzee wangu, hiyo ni vesheni ya Amerika. Ile ya Kenya nilikuwa napigana."

Hakuna vesheni ya Kenya. Nimemuuliza muuza kaseti wa Langley Park, anayezijua takataka hizi zote kwa majina. Alicheka mpaka akakohoa.

Nani basi alikufundisha karate? "Yule mzungu mwenyewe, bana. Lunch break."

Na ana darasa! Kila Jumamosi, chini ya kanisa, watoto wa waumini wamefungwa mikanda ya rangi. Rangi anatia Chelagat, mkewe, kwenye sufuria ya ugali.

Jumamosi, 9 Oktoba

Chelagat ameomba tuonane. Duka la kahawa kando ya barabara kuu ya I-270, bado na nguo za zamu. Hakugusa kahawa.

"Mzee, nikuambie ukweli. Hakumgusa huyo mtu."

Yeye alikuwa ameketi ndani ya gari la muumini mwenzao, hatua chache kando, aliona yote. Kimutai alipiga ukelele wa sinema, akainua mguu. Mguu haukupita goti. Suruali ikachanika. Dereva akashtushwa na ukelele, akarudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye mnyororo wake mwenyewe, akaangukia mkono.

Mbona hukuwaambia polisi?

"Kanisa lote limetoka nje wanapiga makofi. Bilha anapiga vigelegele. Nimwaibishe mume wangu hapo, na suti ya Pasaka?"

Kimutai naye amekuwa akilisimulia teke tangu siku ile. Mwezi wa nne lilikuwa la kifuani. Sasa ni la kuruka. Amemkataza mkewe kumwambia hata wakili.

Nikauliza suruali iko wapi. Anayo. "Nilishaishona, mzee." Akanionyesha kwa kidole jinsi mshono ulivyokaa, hauonekani kabisa. Nesi hodari. Ushahidi umekwenda.

Nimemwambia neno moja: mwambie Zalika. Leo.

Jumapili, 10 Oktoba

Kanisani, Laurel. Bilha ametangaza magari mawili ya kwenda mahakamani Jumatano, na fulana zenye picha ya Kimutai katika mavazi ya ninja. Mbele ya jopo la raia watakaoamua kama mtu huyu ni hatari!

"Dada Bilha, mnamzamisha."

"Wewe mwandishi ni wa Tanzania. Sensei wetu utamjulia wapi?" Wanakwaya wakacheka. Akanipimia fulana. Saizi yangu wanayo.

Jumatatu, 11 Oktoba

Sikukuu, mahakama zimefungwa. Zalika amepiga simu. Mteja amemruhusu anieleze, si kwa kuchapishwa. Chelagat amesema kila kitu, naye atatoa ushahidi. Lakini mke kumtetea mume — jopo litasikiliza kwa sikio moja. Kwa hiyo Zalika ataomba Kimutai asimame mbele yao, arushe teke kadiri ya uwezo wake. Miaka arobaini na sita, kitambi, magoti ya mtu anayeinua wazee vitandani kila siku.

"Mguu wenyewe utatoa ushahidi," alisema. Alikuwa na furaha.

Kimutai kasemaje?

"Amekubali mara moja. Hata amenishukuru."

Mara moja! Mtu aliyebisha mwaka mzima — sawa, miezi sita. Sijaipenda.

Jumanne, 12 Oktoba

Germantown, alasiri, kurudisha kaseti. Chelagat kafungua mlango, hakunisalimu, kanionyesha ngazi za kushukia chini.

Harufu ya dawa ya kuchua ilinipokea kabla ya mwenye nyumba. Kimutai, mavazi meupe, jasho, kisigino juu ya mgongo wa kochi, anasukuma kiwiliwili mbele na kuhesabu kwa Kijapani. Mbele ya kochi ametundika kamba kutoka darini, na puto jekundu mwishoni.

"Mzee wangu, ona!"

Akarusha. Puto likagongwa, likarudi.

"Jana asubuhi nilikuwa magotini. Leo kiunoni!"

Nikamuuliza kama anajua kwa nini ameombwa kurusha teke.

"Najua. Lakini kanisa lote litakuwa pale, mzee. Na watoto wangu wa darasa. Nirushe la goti?"

"Rusha la goti, Baba Makena." Chelagat alikuwa ameketi kwenye ngazi, nyuma yangu. "Rusha la goti ulale kwako."

Kimutai akalituliza puto kwa mkono. Nilipima kwa macho: mkono wa mtu mzima ukining'inia, kifundo kinafika pale pale lilipo puto. Nikamwambia hivyo, polepole: teke la kiunoni ndilo litakalomfunga. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Kisha akapanda juu ya kiti, akafupisha kamba.

Nimempigia Zalika mara mbili. Hapokei. Nimeacha ujumbe.

Kesi inaanza kesho, saa tatu asubuhi, Upper Marlboro.